Shikamoo ya Kwanza: Lugha ya Kuzeeka Miongoni mwa Wanaume Wapendao Wanaume



Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu hajitangazii uzee, hutangaziwa. Hutangaziwa na mtoto wa jirani, na kondakta wa daladala, na kijana auzaye dagaa sokoni. Tangazo lenyewe ni neno moja tu: shikamoo. Siku moja kijana ambaye juzi angesema "mambo vipi" husita kidogo, hushusha macho, kisha husema "shikamoo". Anayesalimiwa huitika "marahaba", kwa kuwa lugha haikumwachia jibu jingine. Kuanzia hapo umri wake si siri yake tena, bali ni jambo la watu wote.

Mhadhara huu unaanza na salamu hiyo, na unaanzia Nyasho. Nyasho ni kata ya Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, katika mji uliojengwa ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Katika mji huo hukutana Wakwaya, Wajita, Wakuria, Wazanaki, Waikizu, Wajaluo na wengine wengi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni, zahanatini na katika kiti cha kinyozi. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu maalumu. Maandiko ya kitaaluma yanayohusu wanaume wapendao wanaume katika jamii za Waswahili yametokana kwa sehemu kubwa na pwani, hasa Mombasa na Zanzibar. Lakini wasemaji wengi wa Kiswahili leo wako bara, katika miji ya namna ya Musoma, ambako lugha imefika ikiwa na adabu zake na msamiati wake, ikakuta mila nyingine za umri na za uanaume.

Swali la mhadhara ni hili: mwanamume apendaye wanaume anapoanza kuota mvi, kitambi kinapotokeza na sura yake ya ujana inapomtoroka, Kiswahili kinampa maneno gani ya kujielewa? Hoja itakayojengwa ni kwamba Kiswahili kina ngazi mbili za umri. Moja ni ngazi ya uzazi, nyingine ni ngazi ya miaka. Mwanamume huyu hupandishwa ngazi ya pili kwa heshima zote, huku ya kwanza mara nyingi ikiwa imefungwa kwake. Ama msamiati wa mapenzi yake mwenyewe, huo una vidato vya ujana peke yake.

Neno moja kuhusu istilahi. Mhadhara unatumia "wanaume wapendao wanaume" badala ya majina yaliyozoeleka mitaani. Sababu si haya, bali ni usahihi. Majina hayo ya mitaani, kama itakavyoonekana, yamebeba ndani yake umri, cheo na tusi, na hayawezi kutumika kama mizani ya kupimia kitu ambacho yenyewe ni sehemu yake.

Ngazi mbili za umri

Ngazi ya uzazi inafahamika vizuri. Mwanamume akizaa huacha kuitwa kwa jina lake. Huitwa Baba Neema au Baba Juma. Watoto wake wakizaa, huitwa babu. Kila kidato hupatikana kwa kupitia mtu mwingine aliyetoka mwilini mwake. Asiyezaa hubaki na jina lake la utotoni, na kadiri miaka inavyopita jina hilo huzidi kumpwaya au kumbana, kama sare ya shule kwa mtu mzima. Maneno yaliyopo kwa ajili ya asiyeoa ni kapera na mseja. Kapera huleta picha ya kijana ambaye bado anatafuta. Mseja huleta picha ya mtu aliyejinyima, pengine kwa ajili ya dini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomfaa mtu wa miaka 50 ambaye hatafuti mke wala hakujinyima.

Ngazi ya miaka ni nyingine kabisa. Shikamoo, ambayo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni ufupisho wa maneno yanayomaanisha "nashika miguu yako", katika Tanzania ya leo haiulizi kama anayesalimiwa ana mke. Wala neno mzee haliulizi. Vinatolewa kwa mvi, kwa mwendo, kwa sauti. Mtumwa wa zamani alimpa bwana wake shikamoo. Raia wa leo humpa yeyote aliyemtangulia kuzaliwa. Hapa Kiswahili cha Tanzania kimefanya jambo ambalo lugha nyingi hazikulifanya: kimeugawa uzee kwa wote bure.

Mfano wa kubuni utasaidia. Achukuliwe mwanamume wa miaka 46, mkazi wa Nyasho, ambaye hajaoa, na ambaye tangu ujana wake moyo wake umeelekea kwa wanaume. Ameketi kwa kinyozi. Kinyozi ni kijana wa miaka 20 na kitu, mtanashati, na mteja amelitambua hilo kwa namna ambayo hataitamka. Kijana anaizungusha mashine kisogoni, anatazama kioo, anauliza kwa upole: "Mzee, nikupake na piko kidogo?" Katika sentensi hiyo fupi mna mambo matatu. Mna heshima, kwa kuwa ameitwa mzee. Mna habari, kwa kuwa ameambiwa kwamba mvi zake zinaonekana. Na mna mlango unaofungwa, kwa kuwa yule anayemwona ni mzuri amemweka katika kundi la baba zake. Heshima na hasara zimefika kwa neno moja, na jibu la kiungwana ni moja tu: kutabasamu.

Mwanamume apendaye wanawake naye hukutana na jambo hilo anapoitwa mzee na msichana. Tofauti ni kwamba yeye, akirudi nyumbani, anangojewa na ngazi nyingine. Anaitwa Baba Neema. Amepoteza ujana, akapata ukoo. Mwenzake wa Nyasho amepewa uzee mtupu, bila ya mali iliyokusudiwa kuuandama.

Mwili kama hati ya umri

Katika mkoa wa Mara mwili ulikuwa hati ya umri kabla ya kuwapo cheti cha kuzaliwa. Wakuria waliandika umri kwa tohara. Wajaluo waling'oa meno ya chini. Wazanaki walichonga meno, na picha za Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, zinayaonyesha meno hayo yaliyochongwa kila anapocheka. Alama hizi zilimtoa mtu utotoni na kumwingiza katika utu uzima mbele ya mashahidi.

Miongoni mwa Wakuria, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Malcolm Ruel mwaka 1962, watu hupangwa pia kwa vizazi vinavyozunguka: mwana huingia katika kizazi kinachofuata kile cha baba yake, na majina ya vizazi hurudi tena baada ya duru kukamilika. Katika mpangilio wa namna hii uzee si wingi wa siku. Ni nafasi katika mnyororo, na mnyororo huunganishwa na watoto. Asiye na mtoto hakukatazwa kuzeeka. Ila uzee wake hauna mahali pa kuning'inizwa.

Kiswahili kilipoingia Mara kilikuta mantiki hii, na ndiyo maana shikamoo ya Nyasho ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Ni heshima isiyohitaji mnyororo. Kwa mtu ambaye mila ya nyumbani inamwona kama uzi uliokatika, lugha ya mji inampa "mzee" bila kumhoji. Si ajabu, basi, kwamba salamu hiyohiyo inayomuumiza kijana wa jana ndiyo inayomsitiri mtu mzima wa leo. Mzee hahojiwi sana. Maswali ya "utaoa lini" huanza kwa kelele mtu akiwa na miaka 25, hufika kilele kwenye 35, kisha hupungua, mpaka siku moja yananyamaza. Kunyamaza huko kuna ladha mbili. Ni nafuu, kwa kuwa mtu anaachwa apumue. Na ni msiba mdogo, kwa kuwa watu huacha kuuliza pale wanapokuwa wamekata tamaa.

Isisahauliwe kwamba wengi wa wanaume hawa huoa. Huoa kwa kupenda, kwa kushurutishwa au kwa kutaka watoto, na wakapanda ngazi zote mbili mbele ya macho ya watu. Kwao uzee una sura nyingine: wana jina la baba na la babu, na hakuna aliye hai anayejua sehemu ya tatu ya maisha yao.

Shoga, basha na umri uliofichwa ndani ya maneno

Sasa na utazamwe msamiati wa pwani. Mwaka 1899 Michael Haberlandt alichapisha kwa Kijerumani taarifa kuhusu Zanzibar ambamo aliandika neno mke-si-mume. Baadaye, mwaka 1987, Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa, na mwaka 1998 Deborah Amory akaandika kuhusu mashoga na mabasha wa pwani ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ya Shepherd ilikuwa kwamba katika jamii ile cheo kilikuwa na nguvu kuliko jinsia: mwenye mali na mwenye kuhitaji ndio waliokutana, na uhusiano ulitazamwa kwa macho ya nani anamtunza nani.

Maneno yenyewe yanalithibitisha hilo. Shoga, kabla ya kuwa jina la mwanamume, ni neno la mwanamke kumwita mwanamke mwenzake rafiki; ni neno la mapenzi na la siri za uani. Basha huhusishwa na pasha, jina la mkubwa katika dola ya Waturuki. Basi katika jozi hii mmoja ni mwenza mchanga mwenye madaha, mwingine ni mkubwa mwenye uwezo. Umri umefichwa ndani ya maneno. Shoga huchukuliwa kuwa kijana. Basha huchukuliwa kuwa mtu mzima. Swali ambalo msamiati huu haulijibu ni rahisi kulitamka: shoga akifika miaka 60 huitwaje? Na watu wawili wa umri mmoja, waliozeeka wakiwa pamoja, jina lao nani?

Jibu moja linapatikana ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo Waswahili wana ndugu wengi. Mwaka 1977 Unni Wikan alichapisha utafiti wake wa mji wa Sohar, Oman, kuhusu watu walioitwa kwa neno lenye asili moja na hanithi ya Kiswahili. Alionyesha kwamba mtu wa kundi hili aliweza kuoa, na akishathibitika kuwa mume, jamii ilimhesabu mwanamume kama wengine. Na yule ambaye hakuoa? Alipozeeka na kupoteza mvuto, aliingizwa katika kundi la wazee kwa jina la jumla la mtu mzima sana. Lakini, kadiri Wikan alivyosikia, wazee wa namna hiyo walielekea kujiepusha na mikusanyiko mikubwa, ambako ingelazimu kuamua wakae upande gani.

Wanafunzi wa lugha watavutiwa na neno lenyewe la Kiomani, kwa kuwa ni ndugu wa ajuza. Katika Kiswahili ajuza ni bibi kizee; mwenzake wa kiume ni shaibu, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu unahusu mvi. Kiswahili kimeugawa ukongwe kwa jinsia, ajuza huku na shaibu kule, lakini mtoto anayesema shikamoo haulizi ni nani kati yao. Mtu aliyeishi ujana wake wote akibishaniwa kama ni huyu au yule hufika mahali ambapo swali halina haraka tena. Kwa wengine hiyo ni amani. Kwa wengine ni kufutwa.

Abunuwasi na ndevu

Yaweza kudhaniwa kwamba huzuni ya uzuri unaopita, inapomhusu mwanamume, ni jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Sivyo. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir iliuonya moyo kwa kuuonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka na wenye majumba waliogeuka mavumbi. Vijana na wazuri hawakusalimika humo. Shaaban Robert aliandika habari za maisha yake yalipovuka miaka hamsini kwa utulivu wa mtu anayehesabu akiba iliyobaki. Methali nazo hazina huruma: ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Lakini shahidi wa karibu zaidi ni mtu ambaye kila mtoto wa Kiswahili anamjua bila kumjua. Abunuwasi wa hekaya, mjanja anayemshinda mfalme kwa hila, amebeba jina la mshairi wa kweli, Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9. Mshairi huyo alisifika kwa mashairi ya mvinyo na ya mapenzi kwa vijana wa kiume, na pia aliacha mashairi ya toba na ya kuipa dunia mgongo. Katika ushairi wa Kiarabu wa zama zake na baada yake, kuota kwa ndevu za kwanza shavuni mwa kijana kulikuwa mada kamili. Washairi walibishana: je, nywele zile ni mwisho wa uzuri, au ni pambo jipya? Katika mapokeo hayo anayependwa huzeeka siku ndevu zinapoota, na apendaye huzeeka siku mvi zinapotokea. Saa mbili, nyuso mbili.

Abunuwasi alipofika pwani yetu mashairi yake ya mapenzi yaliachwa bandarini, na ujanja wake ukashushwa peke yake. Wasomaji wa shule walimpata akicheka daima, asiye na umri. Hilo si kosa la yeyote. Hekaya husafiri hivyo. Lakini linafundisha jinsi mapokeo yanavyoweza kumhifadhi mtu kwa kumwondolea yale aliyoyahuzunikia.

Katika karne ya 20 Alexandria ilimpata C. P. Kavafis, Mgiriki aliyezaliwa humo mwaka 1863 na kufariki humo mwaka 1933, ambaye mashairi yake mengi ni ya mtu mzima akikumbuka miili ya ujana. Thomas Mann, mwaka 1912, alimchora mwandishi mzee aliyekubali kinyozi amtie rangi nywele na kumpamba uso kwa ajili ya kijana ambaye hakuwahi kuzungumza naye. Kiti cha kinyozi cha Venice na kile cha Nyasho havina umbali mkubwa sana. Kwa upande wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake *By the Sea* (2001) alimwandika Hassan, kijana mzuri anayevutwa na mfanyabiashara mgeni akaondoka naye. Miaka mingi baadaye anarudi akiwa mtu mzima mwenye madai ya mali. Uzuri uliowahangaisha watu haupo tena. Kilichorejea ni hesabu.

Kukonda na kunenepa

Tafiti za Marekani na Ulaya zimesema mengi kuhusu hofu ya wanaume hawa ya kunenepa na kuonekana wazee mapema. Katika Kanda ya Ziwa hofu ilielekea upande wa pili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa kutokea Musoma. Kwa miaka ishirini iliyofuata, kitenzi "kukonda" kiliacha kuwa maelezo kikawa hukumu. "Amekonda" ilinong'onwa. "Umenenepa" ilikuwa pongezi ya dhati. Kitambi kilikuwa cheti cha afya, na mtu mwenye jambo la kuficha alikithamini maradufu.

Tanzania ilipoanza mpango wa kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU bila malipo mwaka 2004, watu waliokuwa wakisubiri kufa waliinuka. Lakini moja ya dawa zilizotumika sana katika miaka ile, stavudini, iliwachukulia baadhi yao sura. Mafuta yalipungua mashavuni, mikononi, miguuni na makalioni, wakati mwingine yakijilimbikiza tumboni na shingoni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi kuiacha polepole kwa sababu ya madhara yake. Dawa hii haikuchagua nani anampenda nani. Hata hivyo kwa mwanamume ambaye sura ndiyo iliyokuwa mtaji wake wa pekee wa kupendwa, asiye na mke wala mtoto wa kumwambia kwamba bado ni yuleyule, uso uliozeeka miaka 20 ndani ya miaka 2 ulikuwa bei nzito ya uhai. Wengi waliilipa bila kulalamika, kwa kuwa waliwaona wasiopewa nafasi ya kuilipa.

Hapa pana jambo ambalo lugha ya uzuri hulisahau. Kizazi kilichopotea katika miaka ya 1980 na 1990 kimebaki kijana katika picha. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alifariki mwaka 1991 akiwa na miaka 45. Hakuna aliyemwona akiwa babu. Kwa walionusurika mvi si aibu. Ni ushahidi.

Waliosema

Mwaka 1977 James J. Kelly, na mwaka 1982 Raymond Berger katika kitabu chake kuhusu wanaume wazee, walipinga imani iliyoenea Marekani kwamba mwanamume wa namna hii huishia katika upweke na majuto. Wengi wa waliohojiwa walikuwa na marafiki, na waliridhika na maisha yao. Baadhi ya wataalamu wakapendekeza kwamba mtu aliyevuka mtikisiko mkubwa ujanani, yaani kujitambua mbele ya jamii isiyomkubali, huufikia uzee akiwa amezoea kupoteza na kuanza upya. Hoja hiyo ina ukweli, ila waliohojiwa walikuwa wakazi wa miji yenye vyama, baa na magazeti yao. Nyasho haina hayo.

Tena ipo sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kilichorithiwa kutoka enzi za ukoloni, kiliongezewa makali na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inawadhania mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi kuwa ni wanandoa. Dhana hiyo haiwagusi wanaume wawili walioishi pamoja miaka 30. Mmoja akilazwa, mwenzake hospitalini ni "rafiki". Akifa, ndugu hufika kuchukua mwili na vitanda, na rafiki hukaa pembeni mwa turubai pamoja na majirani, akipewa pole ya jirani.

Aliyeyasema haya kwa sauti katika ukanda huu ni mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina. Januari 2014, akiwa na miaka 43, alichapisha insha ambamo anajiwazia akimwambia mama yake, alipokuwa akikaribia kufa mwaka 2000, kwamba anapenda wanaume. Katika hali halisi hakumwambia. Insha ile imesomwa zaidi kama tangazo la kisiasa. Ikisomwa upya kwa jicho la mhadhara huu, ni insha ya mtu wa makamo anayehesabu miaka: alijijua tangu utotoni, akanyamaza, mama akaondoka. Huzuni yake haikuwa ya nywele wala ya kiuno. Ilikuwa ya muda. Alifariki Mei 2019 akiwa na miaka 48, kabla ya kufikia umri ambao Wakenya wangemwita mzee bila kutabasamu.

Hitimisho: nyumba isiyo na mtu

Mkoa wa Mara una mila moja ambayo wageni huitaja kwa mshangao: nyumba ntobhu. Mwanamke aliyezeeka, mjane au asiye na mtoto wa kiume, huoa mwanamke mwingine kwa mahari. Mke huyo huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama mkubwa. Haya si mapenzi ya jinsia moja, na kuyaita hivyo ni kuyapotosha. Wala si mila isiyo na lawama, kwa kuwa msichana anayeolewa huenda asiwe na sauti. Lakini wazo lililo chini yake linastahili kuzingatiwa. Wahenga wa Mara waliona kwamba kuna watu ambao uzee utawakuta bila mnyororo. Hawakuwaambia kwamba ni kosa lao. Waliunda undugu, wakaupa jina, na jina likasimama mbele ya wazee na mbele ya makaburi.

Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba utamaduni wa Mara, au Uswahili kwa jumla, hauna uwezo wa kumpatia nafasi mtu aliyezeeka nje ya ndoa ya kawaida. Umekwisha kufanya hivyo kwa wanawake, kwa masharti yake. Kwa mwanamume apendaye wanaume haukufanya, na pengo hilo linaonekana katika kamusi: kapera ni kijana, shoga ni kijana, barobaro ni kijana, mtanashati huwa kijana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Neno pekee linalompokea akiwa na mvi ni mzee, na salamu pekee ni shikamoo.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kukusanya: kusikiliza jinsi watu wa namna hii wanavyojiita na wanavyoitana wanapokuwa watu wazima, katika miji ya bara kama ilivyokuwa ya pwani, bila kuwataja majina na bila kuwaletea madhara, kwa kuwa mtafiti huondoka na msemaji hubaki. Ya pili ni kuacha kuisoma shikamoo kama adabu tu. Ni taasisi. Humpa mtu kitu ambacho hakuna mamlaka iliyompa.

Yule mwanamume wa mfano ameinuka kwenye kiti. Amekataa piko. Amelipa, na kijana amempangusa nywele zilizobaki mabegani kwa brashi, kwa uangalifu ule ambao vijana huutumia kwa watu wazima. "Karibu tena, mzee." Nje jua la Musoma ni kali, na mtoto wa shule anayepita anamtazama, anaona mvi, anasema shikamoo. Mtoto hajui lolote kuhusu maisha ya mtu huyu. Amemheshimu hivyohivyo. "Marahaba," anaitika, na safari hii neno linamtoka bila kulazimishwa.